Sura ya Tano: Kalvati Tupu

Mulazim Harub, luteni wa polisi, alikuwa amepiga magoti ndani ya kalvati, suruali ya sare imelowa mpaka mapajani, na hakuona kitu. Hicho ndicho kilichomkera. Alikuja kutoka Nizwa na tochi yake, na kamera yake, na koti la sufu ambalo mkewe alimlazimisha kulivaa, maana baridi ya Januari chini ya mlima wa Jabal Akhdar, Oman, haina adabu hata kidogo kwa mtu aliyezaliwa Malindi ya Unguja. Na baada ya safari yote hiyo kalvati lilikuwa tupu kama jungu la Ramadhani mchana.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Hayl Rumman ni mji mdogo upande wa Al Hamra. Soko lake liko ubavuni mwa wadi, bonde la mto wa mvua, na wadi yenyewe takriban mwaka mzima ni kokoto na mbuzi. Barabara mpya ya lami ilipopita hapo, mafundi waliweka kalvati kubwa chini yake, mtu anasimama ndani na kilemba chake kichwani, na mdomoni wakatia kimia cha nondo nene kinachopandishwa na kushushwa kwa mnyororo, ili magogo ya mitende yasiingie ndani yakakwama. Jumapili jioni mvua ilinyesha mlimani, wadi ikashuka. Maji yalipofika kwenye kalvati hayakupita. Yalijaa nyuma ya barabara, yakapanda, yakageuka kushoto, yakaingia sokoni bila hodi.

Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini sukari ya Bwana Thabit muuza duka iligeuka shira, mbuzi mmoja alikutwa juu ya paa la pahala pa kutawadhia, na Datsun ya muuza samaki ilikutwa katikati ya shamba la mitende, imeegeshwa vizuri kuliko alivyowahi kuiegesha mwenyewe. Kulipokucha maji yalikuwa yameshakwenda zake. Watu wakamiminika kwenda kuona nini kilichoziba. Hakikuwepo kitu. Si gogo, si jiwe, si mzoga wa ngamia. Nondo zilisimama safi, zimepinda kidogo tu kati.

Sokoni wakapiga akili zao: kama hakuna kilichoziba, basi yupo aliyeziba. Na mwenye mnyororo ni mtu mmoja, Marhoun, mlinzi wa kalvati. Bwana Thabit ndiye aliyelitamka kwanza, kwamba Marhoun alizijaza zile nondo makuti na matambara, kama wakulima wanavyoziba mfereji wa shamba, kisha alfajiri akazizibua. Na kweli alionekana alfajiri akitoka kwenye wadi na jembe begani. Mpaka jua linachomoza Marhoun yuko kituoni, ndani.

Ubaya wa mambo, Rahila binti Marhoun alikuwa anaolewa Alkhamisi. Kwao mume ni Al Hamra, na baba yake, Sheikh Humoud, ni mtu wa heshima zake. Jumatatu hiyo hiyo Humoud alileta salamu kwamba jamani, tusubiri kidogo. Na wewe unajua, mtu akisema tusubiri kidogo katika harusi, keshaanza kukunja jamvi.

Harub alitoka kalvatini akazipiga picha nondo, akalipiga picha tope, kisha akaenda sokoni na viatu vyake vikilia mchwe mchwe.

Bwana Thabit alikuja Oman kutoka Tabora, mwaka wa sabini na mbili, na Kiswahili cha bara na mdomo usiopumzika. Alimkaribisha Harub kwa kiti kilicholowa, akamweleza kwamba yeye hana ugomvi na mtu, kisha akahesabu ugomvi wote alionao na Marhoun tangu siku alipofungua duka. Mkubwa kuliko wote ulikuwa huu: Marhoun alimwambia mbele za watu kwamba duka amelijenga katika njia ya wadi, na wadi haisahau njia yake.

"Sasa hiyo si kutishia, afande? Mtu kaniambia maji yatakuja, na maji yamekuja."

"Mimi mamangu akinambia nivae koti kuna baridi," alisema Harub, "si yeye aliyeileta baridi."

Thabit hakupenda mfano ule. Harub akaomba aoneshwe maji yalipanda mpaka wapi, wakaingia stoo. Ukuta ulikuwa na mstari wa tope usawa wa kifua. Pembeni yalirundikana magunia ya pumba za mbuzi, yameangukiana, yamevimba kwa maji, na Thabit alikuwa hajayagusa kwa kutumai kwamba yatakauka yenyewe. Harub alitaka kujua kama mstari unaendelea nyuma ya yale magunia. Akapenyeza mkono. Akautoa upesi, vidole vimekufa ganzi.

Wakayahamisha magunia, Thabit akilalamika kila gunia. Chini kabisa, palipobanwa na pumba na giza, palikuwa na bonge la barafu la ukubwa wa nazi, chafu, limejaa mchanga.

"Hiyo ya fraiji," alisema Thabit haraka.

Harub akataka kujua fraiji liko wapi. Fraiji lilikuwa nje, limelala chali, mlango hauna. Baada ya kubanwa kidogo Thabit alikiri kwamba lilikufa tangu Ramadhani na kwamba siku hizi alikuwa akiwekea sabuni.

Harub alilipiga picha lile bonge kabla halijamkimbia. Kisha akalivunja kwa mpini wa kisu, na ndani yake akachomoa kijiti chenye vijani vya kijani, vidogo vya kuchomachoma. Alikinusa. Mwaka wa juzi alipelekwa doria mlimani katika mwezi huu huu, na usiku mzima waliota moto wa kuni za mti huu, mreteni, na koti lake lilinuka hivi mpaka mkewe akalifua. Mti huo hauoti Hayl Rumman. Unaota juu kabisa, kwenye baridi.

Basi akalifahamu jambo lile akiwa amesimama pale stoo, maji ya ushahidi wake yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mvua ya mawe ilianguka mlimani, barafu ikarundikana kwenye makorongo yasiyoingia jua. Mvua ya maji ilipokuja Jumapili ikaikokota barafu pamoja na matawi, ikaiteremsha, na ilipofika kwenye nondo ikagandamana ikawa ukuta. Maji yakakosa njia. Usiku kucha yaliutafuna ukuta ule, kwa sababu huku chini hakuna baridi ya kuuweka, na kulipokucha mwizi alikuwa keshayeyuka na kwenda zake jangwani.

Alidhani Thabit atanyamaa. Wapi. Thabit alipiga paja akasema ndiyo kwanza Marhoun ana makosa, kwa sababu mji mzima unaijua kanuni: mvua ya maji, nondo ziwe chini. Barafu, nondo zipandishwe, na yale magogo ya mitende aliyoyafunga kamba yatandazwe kwenye wadi. Sasa mbona hakupandisha?

Swali lilikuwa la haki, na Harub akaona mwenye jawabu ni Marhoun mwenyewe. Akenda kituoni.

Marhoun alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na mikono ya mtu aliyevuna karafuu. Ujana wake aliumaliza Pemba, upande wa Wete, na Kiswahili chake kilikuwa bado na harufu ya huko. Harub alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu, wakakaa mkekani wote wawili. Akamwonesha kile kijiti.

Marhoun alikinusa. Halafu akafumba macho.

"Barafu," alisema. "Na hakuna aliyenambia."

Akaeleza. Barafu ikirundikana juu, watu wa kijiji cha Saqla, walio kwenye bega la mlima, huleta habari. Ni ada yao na haijapata kukosekana. Ikifika habari yeye hupandisha nondo, kisha anakusanya wanaume kuvuta ile kamba yenye magogo, mshazari, kutoka ng'ambo hii mpaka ng'ambo ya pili. Maji yakija magogo huelea. Barafu ikija huyagonga, huteleza ubavuni mwake, na huingia kwenye shamba la zamani lililokufa, pale kando, ikae iyeyuke kwa raha zake. Maji matupu ndiyo yanayokwenda kwenye kalvati. Kazi yenyewe haina ugumu wowote ikiwa umeambiwa. Alfajiri ile alikwenda na jembe kuangalia, akakuta maji tu, akajiona kama mwendawazimu.

Harub akamuuliza kama ana adui Saqla. Hana. Akamuuliza habari hupokewa na nani. Zamani yeye mwenyewe, alisema, lakini tangu ijengwe ofisi pale juu ya kalvati, wajumbe hufikia kwa Bwana Azzan, na Bwana Azzan humwita.

"Rahila anajua kwamba ba'ake hakufanya," alisema Marhoun. "Mimi sitaki kujua Humoud anafikiri nini. Au nataka. Sijui."

Bwana Azzan alikuwa mhandisi kijana, mzaliwa wa Unguja, aliyetolewa huko mdogo akasomea Cairo. Alikuwa mtu mzuri, sitamsingizia. Ofisi yake ilikuwa na redio ya kuzungumza na Nizwa, birika la chai ya maziwa lisilopoa, na biskuti. Alisema kwa uwazi kabisa kwamba hakuna habari iliyokuja kutoka mlimani. Jumapili asubuhi alipita mzee mmoja wa Saqla anaitwa Amur, akapumzika, akanywa chai, akenda zake.

Harub alimkazia macho. Amur alisema nini?

"Hakusema kitu, Bwana Mulazim. Nilimuuliza mimi kwa mdomo wangu, pale mlangoni. Nikamwambia, habari za mlimani? Kasema hakuna habari, kheri tu. Akakaa sana, kanyamaza. Mwisho mimi nikaitwa kwenye redio, nikampa mkono, nikamwambia karibu tena."

Basi huyo hapo, alisema Harub rohoni mwake. Mtu ametoka mlimani, ameiona barafu kwa macho yake, ameulizwa, na akasema hakuna. Kitu gani kinamfanya mtu aseme uwongo kama huo? Chuki? Ugomvi wa maji? Alilala Hayl Rumman akiwaza hivyo, na Jumanne asubuhi akapanda Saqla, Landrova mpaka ilipokataa, halafu miguu. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Alikusudia kumtupia mzee yale mashtaka usoni, pale pale mlangoni, kabla hajapata nafasi ya kutunga kitu.

Saqla ni nyumba chache za mawe na bustani za mikomamanga zisizo na jani wakati wa baridi. Amur alimwona kutoka mbali akaja kumlaki, mzee mrefu, mwembamba, bakora mkononi, majirani nyuma yake. Alimshika mkono wala hakuuachia. Akamuuliza hali, akamuuliza watoto, kisha akasema, kwa Kiarabu cha mlimani, polepole, majirani wote wakisikiliza:

"Na habari? Habari za huko?"

Na Harub, mwenye mashtaka mfukoni, mpelelezi wa serikali, alifungua kinywa chake na kikatoka kile alichofundishwa na bibi yake utotoni huko Malindi, alipokuwa akipelekwa kuwaamkia wazee wa Kimanga, Waarabu waliotoka Oman.

"Hakuna habari," alisema. "Kheri tu, alhamdulillahi."

Alijisikia mwenyewe. Akasimama pale kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Amur hakuona ajabu yoyote. Alimwingiza ndani, akamkalisha juu ya zulia, na mkewe Bibi Ghaniya akapitisha sinia kutoka nyuma ya pazia. Tende, kisha kahawa. Kikombe, tena kikombe. Hakuna aliyeuliza kitu. Walizungumza habari za njia. Harub alitamani kusema na akashindwa, kwa sababu kusema kabla ya kahawa kwisha ingekuwa kama kuingia msikitini na viatu. Alipotosheka alikitikisa kikombe, ndiyo adabu yenyewe, Amur akakipokea, akakiweka chini, akafuta mikono, akasogea karibu.

"Haya," alisema. "Na habari?"

Hii ya pili ndiyo yenyewe. Ya mlangoni ni salamu tu. Haitolewi habari mlangoni, mbele za watu, kwa mgeni aliye na kiu. Mtu anaambiwa kheri, anapewa tende na kahawa, ndipo anaulizwa tena, na hapo ndipo anafungua mzigo wake. Harub aliijua ada hii maisha yake yote, na siku nzima ya jana hakuikumbuka, kwa sababu aliyemsimulia ni mtu wa mjini kama yeye.

Akafungua mzigo wake. Alimwambia Amur kila kitu, soko na mbuzi juu ya paa na Marhoun ndani na harusi ya Alkhamisi. Mzee alisikiliza, na maneno yalipofika kwa Marhoun uso wake ulibadilika ukawa wa mtu mgonjwa.

Alikwenda, alisema. Sheikh wa Saqla alimtuma kwa ajili hiyo hiyo, kusema barafu imejaa. Aliulizwa mlangoni, akajibu kama anavyojibu mtu. Akaletewa gilasi ya chai tamu yenye maziwa. Akaisubiri kahawa. Kahawa haikuja. Akasubiri kuulizwa. Kijana alizungumza na redio, akazungumza na redio, mwisho akainuka akampa mkono wa kwaheri.

"Aliyeniaga kabla hajaniuliza, mimi nimwambie nini?" alisema Amur. "Nikasema, labda keshajua. Ana kile chombo chake."

"Ungesema tu, ami."

"Ndiyo," alisema Amur. "Na yeye angeuliza tu."

Bila shaka Marhoun angemuuliza, kwa sababu kwa Marhoun kulikuwa na kahawa. Harub alicheka, hakuweza kujizuia, akacheka mpaka Amur naye akaanza kutabasamu kwa huzuni. Hapana aliyesema uwongo. Hapana adui, hapana makuti, hapana matambara. Mji umefurika kwa gilasi ya chai ya maziwa. Kesi yake imekwisha, na bado mchana haujafika. Alisimama, akakung'uta koti, akamwomba Amur ateremke naye aje kuyasema maneno haya mbele ya watu. Amur akakubali mara moja, akainua bakora.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. Ilikuwa ya Bibi Ghaniya.

"Mgeni ametoa habari zake. Mbona anaondoka hakutuuliza zetu?"

Harub aliona aibu. Akakaa tena, nusu ya matako, kama mtu anayetimiza wajibu. Akauliza: na nyinyi, habari za hapa?

Amur alimtazama mkewe nyuma ya pazia, kisha akamtazama mgeni. Akasema kwamba ile iliyoshuka Jumapili ilikuwa barafu ya korongo dogo. Ya korongo kubwa haijashuka. Imekaa ndani ya bonde la mawe, mtu akisimama inamfika kifuani. Akamshika mkono akamtoa nje akamwonesha mawingu. Yalikuwa meusi, yamekaa juu ya kilele kama mwenye nyumba.

Sikwambii waliteremkaje. Amur aliruka mawe kama mbuzi na Harub alimfuata kwa makalio. Tone la kwanza lilipiga kioo cha Landrova kabla hawajafika kwenye lami.

Kituoni Harub alifungua mlango mwenyewe. Alimweleza Marhoun kwa maneno machache, akamwambia aingie garini upesi. Marhoun alisimama, akafunga kilemba chake vizuri, akasema hapana.

"Niliingia hapa kwa miguu, watu wote wananiona. Nitatoka kwa miguu."

"Mzee Marhoun, barafu inakuja."

"Basi tutembee haraka," alisema Marhoun.

Walitembea haraka. Walipita kati ya soko, Marhoun mbele, mpelelezi na mzee wa mlimani nyuma yake, mvua inaanza, na Harub alisema kwa sauti ya kituoni, kila duka walilolipita, kwamba mtu huyu hana kosa na anataka wanaume wa kuvuta kamba. Mwanzo walitazama. Halafu muuza samaki akafunga kikoi, akatoka. Wakatoka wengine. Bwana Thabit alisimama mlangoni mwa duka lake, mdomo wazi na kwa mara ya kwanza hausemi kitu, akamwangalia Amur, akaziangalia pumba zake, akavua viatu.

Azzan alikuwa juu ya kalvati. Harub alimpa habari yote kwa pumzi moja, na kijana yule, uso umemshuka, hakujitetea. Alikwenda kwa Amur akambusu mkono, kisha akaukamata mnyororo na kuuzungusha mpaka nondo zikapanda zote. Viganja vilimtoka damu. Marhoun akamwambia ahsante mwanangu, akateremka kwenye wadi.

Magogo yalikuwa kwenye ukingo, yamefungwa moja kwa jingine kwa kamba ya meli. Walishika, wakavuta, na yakaanza kusogea juu ya kokoto. Shida ilikuwa ng'ambo ya pili. Maji ya kwanza yalikuwa yameshafika, ya rangi ya kahawa ya maziwa, yanakwenda mbio, na kabla mtu hajavuka na ncha ya kamba yalikuwa magotini, halafu kiunoni. Hakuna wa kuvuka tena, na juu ya kalvati lami ilikuwa imekatwa upande wa pili na maji ya Jumapili. Na kamba iliyofungwa upande mmoja ni mkia tu.

Ndipo walipoiona gari nyeupe ng'ambo, imesimama mbele ya maji, na Sheikh Humoud wa Al Hamra amesimama mbele ya gari na wanawe. Alikuja na koti lake la heshima na hanjari kiunoni. Hapana aliyehitaji kuelezwa amekuja kwa kitu gani. Mtu haji kwa baba wa bibi arusi Jumanne ya mvua, bila ya wanawake, kuleta kheri.

Marhoun alimwona. Alisimama kidogo, maji mapajani. Kisha akafunga jiwe kwenye ncha ya kamba nyembamba iliyounganishwa na ile nene ya magogo, akaizungusha juu ya kichwa, akairusha. Jiwe likaanguka miguuni mwa Humoud.

"Vuta," alisema Marhoun kwa sauti kubwa. "Uifunge kwenye lile jabali. Fundo mbili. Barafu inakuja."

Humoud aliitazama ile kamba. Upande huu wanaume wote wa soko walikuwa wamesimama na Marhoun, wamelowa chapachapa, magogo mikononi, na Bwana Thabit yumo kati yao. Humoud akaona nani amesimama na nani. Akavua koti, akampa mwanawe, na akaivuta kamba kwa mikono yake miwili mpaka ile nene ikafika, wakaizungusha jabali, yeye na wanawe, fundo mbili kama alivyoambiwa.

Barafu ilikuja na sauti ya ajabu, kama magunia ya vioo yanayokokotwa. Ilijaa wadi nzima, nyeupe na ya udongo, matawi ya mreteni yametokeza kila upande. Iligonga magogo, na kamba ikakaza mpaka ikalia, na kila mtu akaishika hata asiyekuwa na pa kushika. Harub alijikuta ameikumbatia pamoja na muuza samaki. Magogo yalipanda, yakatulia. Barafu ikasita. Halafu ikaanza kuteleza ubavuni, polepole, kama foleni ya watu wenye adabu, na ikaingia kwenye lile shamba lililokufa, ikapanda juu ya kuta zake za udongo, ikalala. Maji yalipita chini ya magogo yakaenda kwenye kalvati, yakaingia mdomo mmoja yakatokea wa pili. Sokoni hayakuingia hata ya kutawadhia.

Watu hawakushangilia mara moja. Walisubiri kwanza, maana wadi haiaminiki. Bwana Thabit ndiye aliyeanza, akamgeukia Marhoun mbele ya wote, akasema mimi nilikusingizia, unisamehe, na shira yangu yote nakuletea harusini, maana sukari ndiyo imeshageuka. Watu wakacheka. Marhoun alimwambia amesamehe, lakini macho yake yalikuwa ng'ambo.

Maji hayangevukika mpaka kesho. Humoud alisimama kwenye ukingo wake, kanzu imemgandama mwilini, mkono mmoja bado juu ya fundo.

"Marhoun," aliita. "Nilikuja kukwambia neno."

Marhoun alimjibu kwamba anasikia.

"Limenitoka kichwani," alisema Humoud. "Utachinja mbuzi wangapi Alkhamisi? Maana sisi tuko wengi."

Marhoun alikaa chini juu ya mchanga uliolowa, mbele ya soko zima, kamba bado iko mikononi mwake, akalia.